Mhalifu, jambazi, haramia: maswali yenu kuhusu majina ya wavunja sheria

Barua za safari hii zimekaribiana kiasi kwamba tumeona tuzijibu kwa mkupuo. Karibu zote zinauliza juu ya neno *mhalifu* na jamaa zake: limetoka wapi, linamstahili nani, na lini tulizuie lisitoke kinywani. Maswali tumeyafupisha.

Nilisoma kwamba "mhalifu" linatokana na "kuhalifu", lakini tangu nizaliwe sijamsikia mtu akisema "fulani amehalifu". Na rafiki yangu anadai neno hili lina undugu na "khalifa". Mbona khalifa ni cheo cha heshima? (Msomaji, Tanga)

Rafiki yako yuko sahihi, na undugu wenyewe hauhitaji kumtia aibu khalifa yeyote.

Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa konsonanti tatu: kh, l, f. Kiini cha mzizi huo ni "nyuma". Anayekuja nyuma ya mtu na kushika nafasi yake ni khalifa. Majina ya Khalfan na Khalaf, ambayo Unguja, Pemba na Mombasa yamejaa, yamechipuka papo hapo. Sasa chukua kitenzi *khalafa*, kuja nyuma, refusha irabu yake ya kwanza, useme *khaalafa*, na maana inageuka: kwenda kinyume na mwenzako, kushika njia nyingine ukampa yeye kisogo. Mwenye kufanya hivyo, Mwarabu anamwita *mukhaalif*. Huyo ndiye mhalifu wetu.

Yuko na ndugu wa tatu ambaye unamtumia kila umeme unapokatika: *hitilafu*. Kwa Kiarabu ni *ikhtilaaf*, yaani kutofautiana, na kwetu maana hiyo bado ipo katika "wamehitilafiana". Baadaye hitilafu ikawa pia kasoro ya mtambo, kwa kuwa mtambo mbovu unakwenda tofauti na ulivyokusudiwa.

Kilichouficha undugu huu machoni petu ni tahajia. Kiswahili sanifu kiliiondoa *kh* katika maneno mengi ya kawaida na kuweka *h*: khabari ikawa habari, khofu ikawa hofu, khatari ikawa hatari. Mkhalifu akawa mhalifu. Khalifa, kwa kuwa ni cheo cha dini na pia jina la mtu, alibaki na *kh* yake. Basi ndugu wawili wakaandikwa kama wageni.

Kuhusu kitenzi, *kuhalifu* kipo, na maana yake ni kuasi amri au kwenda kinyume na agizo. Utakikuta katika kamusi na katika maandishi ya zamani kuliko mazungumzo. Leo watu wanasema "kutenda uhalifu" au "kufanya uhalifu". Si ajabu nomino kuishi muda mrefu kuliko kitenzi chake, na hapa nomino ilikuwa na msaada ambao kitenzi hakikuupata.

Msaada huo ni silabi ya mwanzo. Katika Kiarabu, *mu-* ni alama ya mtendaji: *musaafir* ni anayesafiri, *mu'allim* ni anayefundisha, *munaafiq* ni mwenye unafiki. Katika lugha za Kibantu nako, *mu-* ndiyo alama ya mtu mmoja. Lugha hizi mbili hazina nasaba yoyote, silabi zimefanana kwa bahati tu. Lakini Mswahili aliposikia *mukhaalif*, sikio lake lilimwona mtu wa ngeli ya M-/WA- tayari amevaa kiambishi chake. Akampa wingi bila kufikiri mara mbili: wahalifu, kama wasafiri, walimu na wanafiki. Ndiyo sababu pia *muhalifu* na *mhalifu* yote yanasikika. Sanifu ni *mhalifu*. *Muhalifu* ni matamshi yanayoihifadhi irabu ya asili, na anayeyatumia katika mazungumzo hajakosea. Katika maandishi rasmi andika *mhalifu*.

Assalaam alaykum. Mimi nipo Muscat. Ukipita taa nyekundu hapa unaletewa "mukhalafa" na kulipa faini. Je, ndilo neno lile lile? Maana yake mimi ni mhalifu? (Msomaji, Oman)

Waalaykum salaam. Neno ni lile lile, uzito si ule ule.

Kiarabu cha kisheria, na mfano ulio wazi ni Misri, hugawa makosa katika ngazi tatu. *Jinaaya* ni kosa kubwa, *junha* ni la kati, na *mukhaalafa* ni dogo kabisa, la faini. Mtu mwovu tunayemwita mhalifu, Mwarabu wa leo anamwita *mujrim*, neno la mzizi mwingine kabisa.

Kiswahili kilichukua vipande vya ngazi hiyo na kuvipanga upya. *Jinaaya*, ya juu kabisa, ikawa *jinai*, na kwetu jinai inafunika kila kosa la kushtakiwa na dola, liwe la mauaji au la kutupa takataka barabarani. Nasaba ya *mukhaalafa*, iliyokuwa chini kabisa, ikapanda na kutupa *uhalifu*, ambalo kwa Mswahili ni neno zito: lina harufu ya visu, magenge na vyumba vya mahabusu.

Kwa hiyo unapotafsiri karatasi ya polisi wa barabarani wa huko, usiandike "mhalifu". Andika "mkosaji", au "dereva aliyekiuka sheria za usalama barabarani". Tanzania askari akikuandikia faini ya shilingi 30,000 kwa kuzidisha mwendo, amekukuta na kosa. Hakuna mwenye akili zake atakayekwenda nyumbani kwako kusema umekuwa mhalifu. Kosa hili la tafsiri tunaliona mara kwa mara katika matangazo yanayotafsiriwa kutoka Kiarabu, na linawatisha watu bure.

Lipi sahihi: mvunja sheria, mvunjasheria au mvunjaji sheria? (Mwanafunzi wa sekondari, Nakuru)

*Mvunja sheria*, maneno mawili, wingi *wavunja sheria*. Nomino ya mtendaji ikifuatwa moja kwa moja na kitu kinachotendwa, huishia na -a: mpiga picha, mla rushwa, mfuga nyuki, mvunja sheria. Ikisimama peke yake huchukua -ji: mpigaji, mlaji, mfugaji, mvunjaji. Ukitaka kutumia yenye -ji pamoja na sheria, lazima uweke *wa* katikati: *mvunjaji wa sheria*. "Mvunjaji sheria" ni mchanganyiko wa miundo miwili na hausimami.

Usidanganywe na *mwanasheria*, ambalo huandikwa pamoja. Hilo limejengwa kwa *mwana-* na ni suala jingine.

Nimeanza kuandika habari za mahakamani. Mhariri wangu amekata neno "mhalifu" katika habari yangu mara tatu akaandika "mtuhumiwa". Lakini mtu huyo alikamatwa akiwa na pikipiki ya wizi! Tofauti ni nini hasa? (Mwandishi chipukizi, Mwanza)

Mhariri wako amekulinda, na amemlinda mtu ambaye bado hana hatia. Swali hili ndilo tunalolijali kuliko yote ya safari hii, kwa hiyo tuvumilie.

Lugha yenyewe imeweka mpaka. Angalia maumbo: *mtuhumiwa*, *mshukiwa*, *mshtakiwa*, *mfungwa*. Yote yana kauli ya kutendwa, ile -wa ya mwisho. Yanataja alichotendewa mtu: ametuhumiwa, ameshukiwa, ameshtakiwa, amefungwa. Hata *mahabusu* limetoka katika umbo la Kiarabu la kutendwa, *mahbuus*, aliyezuiliwa, kama *maarufu* lilivyo "aliyejulikana". Sasa angalia upande wa pili: *mwizi*, *mnyang'anyi*, *mhalifu*. Haya yanataja alichotenda. Ukiandika "mhalifu alifikishwa mahakamani jana", umeshatoa hukumu kabla ya hakimu kufungua jalada.

Katiba zinasema hivyo hivyo. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania inapiga marufuku mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa ana hatia. Kwa Kenya, kinga hiyo iko katika Ibara ya 50(2)(a) ya Katiba ya mwaka 2010.

Fuata hatua za kesi. Polisi wakimshikilia mtu, ni *mtuhumiwa*. Magazeti ya Kenya yanapenda *mshukiwa*, na hapa hakuna kosa, ni mazoea ya nchi mbili. *Tuhumu* na *shuku* yote ni ya Kiarabu, yote ni dhana ambayo haijathibitishwa. Akisomewa mashtaka mbele ya hakimu, anakuwa *mshtakiwa*. Asipopata dhamana akarudishwa rumande, ni *mahabusu*, si mfungwa. Hapa ndipo waandishi wengi wanapoteleza, kwa sababu gereza ni lile lile na ukuta ni ule ule. Mahakama ikimtia hatiani, hapo unaweza kusema *amepatikana na hatia ya wizi*. Akihukumiwa kifungo, ni *mfungwa*. Akiachiwa huru, jina lolote la kosa lile lisimfuate, hata katika maelezo ya picha.

Ile pikipiki haibadilishi hesabu. Kukutwa na mali ya wizi ni ushahidi, na ushahidi huo una maelezo zaidi ya moja: huenda aliiba, huenda aliinunua akijua, huenda aliinunua bila kujua. Kuiba ni kosa moja, kupokea mali ya wizi ni kosa jingine, na aliyenunua bila kujua hana kosa lolote kati ya hayo mawili. Wewe umeshachagua moja kwa niaba ya mahakama.

Jihadhari pia na sentensi za aina ya "Polisi waua majambazi watano". Waliokufa hawatapata siku ya kujitetea. Waandishi wa zamani walituachia njia nzuri, "watu wanaodhaniwa kuwa majambazi", na mhariri asikushawishi kuifupisha eti kichwa cha habari ni kirefu.

Katika kesi ya madai, ambapo mtu anadai fedha au shamba, mahakama za Tanzania zina *mdai* na *mdaiwa*. Huko hakuna mshtakiwa, sembuse mhalifu. Tangu mwaka 2021, sheria za Tanzania zilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, maneno haya si ya gazetini tu. Ndiyo yanayokuwa katika hukumu.

Jambazi na haramia, ni mtu yule yule, mmoja nchi kavu na mwingine baharini? (Msomaji, Mombasa)

Kwa matumizi ya leo, karibu ndivyo. Kwa asili, hawakuwahi kukutana.

*Jambazi* hurejeshwa kwenye neno la Kiajemi *jaanbaaz*: *jaan* ni roho, *baaz* ni mwenye kucheza au kuweka dau. Mwenye kuichezea roho yake, basi. Kwa Waajemi aliitwa hivyo mchezaji wa kamba anayetembea angani, na shujaa asiyejali kufa. Katika Iran ya leo ni askari aliyepata ulemavu vitani, na ni jina la heshima. Waturuki walilichukua wakawa na *cambaz*, mwanasarakasi na pia mchuuzi mjanja wa farasi. Kwetu *n* ilipokutana na *b* ikawa *m*, kama kawaida ya ulimi wetu, na ushujaa ukabaki upande mmoja tu: ujasiri wa kuvamia.

Ndiyo maana hatumwiti jambazi mtu aliyechomoa simu mfukoni kwenye daladala. Huyo ni mwizi, Dar es Salaam atasemwa kibaka. Ujambazi unataka kuvamia, na kwa kawaida silaha. Lakini kumbuka kwamba *ujambazi* ni neno la mtaani na la gazetini. Hati ya mashtaka ya Tanzania itasema *unyang'anyi wa kutumia silaha*, kosa ambalo adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Kenya wanasema *wizi wa mabavu*, na kifungu cha 296(2) cha sheria yao ya adhabu kimeuwekea hukumu ya kifo. Tofauti ya wizi na unyang'anyi haitegemei thamani ya kitu. Inategemea nguvu au tishio lililotumika wakati wa kuiba, au mara tu kabla au baada ya kuiba. Mtu akichukua shilingi 500 kwa kukuwekea kisu shingoni ni mnyang'anyi; akibeba milioni 5 mezani ukiwa umelala, ni mwizi.

*Haramia* ni Kiarabu: *haraamiy*, mwizi, mtu wa haramu, na wingi wake ni *haraamiyya*. Mzizi wa h-r-m unabeba kilichozuiliwa, kwa ubaya au kwa utukufu. Ndimo mlimotoka haramu, na ndimo pia lilimotoka vazi la hija, *ihramu*, na *maharimu*, jamaa usioruhusiwa kuoana nao. Kwa Mwarabu haramia anaweza kuwa kibaka wa sokoni. Waswahili, watu wa majahazi, walimpeleka baharini.

Na baharini neno lina mipaka ya kisheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ibara ya 101, unataka mambo haya: tendo la nguvu, kuteka au kupora, kwa manufaa binafsi, watu wa chombo kimoja dhidi ya chombo kingine, na lifanyike nje ya mamlaka ya nchi yoyote. Maji ya nchi yanafika maili 12 za baharini, kama kilomita 22 hivi. Kwa hiyo meli ikivamiwa ikiwa imetia nanga bandarini Kilindini, wavamizi ni wanyang'anyi wa kutumia silaha, si maharamia, hata wangekuja kwa mashua usiku wa manane. Mabaharia wakiiteka meli yao wenyewe, huo ni uasi. Jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 2006 mahakama ya Mombasa iliwafunga Wasomali 10 miaka 7 kila mmoja kwa kuteka jahazi la Kihindi, na swali lililobishaniwa lilikuwa iwapo Kenya ina mamlaka juu ya tendo lililofanyika mbali hivyo.

Na "mhalifu sugu", sugu ni nini? (Msomaji, Dodoma)

Ni ile ngozi ngumu inayoota kisiginoni au kiganjani kwa kusuguliwa muda mrefu. Mhalifu sugu amesuguliwa na makosa na adhabu hadi hasikii tena. Litumie kwa aliyetiwa hatiani zaidi ya mara moja. Aliyekamatwa mara nne na kuachiwa mara nne hana sugu yoyote kisheria.

Kwenye Biblia, Mathayo anasema waliosulubiwa pamoja na Yesu ni "wanyang'anyi", Luka anasema "wahalifu". Watafsiri walichanganya? (Msomaji, Iringa)

Hawakuchanganya, walikuwa makini. Katika Kigiriki waandishi wenyewe wametofautiana. Mathayo 27:38 ametumia *lestai*, wanyang'anyi wanaopora kwa nguvu. Luka 23:32 ametumia *kakourgoi*, kwa maana ya watenda mabaya, bila kutaja kosa gani. Tafsiri ya *Union Version* ikampa kila mmoja neno lake. Hapo unauona ubora wa *mhalifu*: ni neno pana, linalofaa pale kosa lenyewe halijatajwa. Kosa likijulikana, taja kosa. "Mwizi wa ng'ombe" ina habari kuliko "mhalifu".

Mwanangu wa miaka 9 aliiba chaja dukani. Mwenye duka amemwita mhalifu mbele ya watoto wenzake na anataka kumpeleka polisi. Anaweza? (Mzazi, Arusha)

Pole, mzazi. Kuripoti anaweza, lakini kesi ya jinai hapo hakuna. Tanzania mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai kabisa, na wa chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitike kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa tendo lake si sahihi. (Kenya iliuinua umri huo hadi miaka 12 kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022.) Lipa au rudisha chaja, tena ukiwa na shahidi, mwenyekiti wa mtaa anatosha. Mtoto aombe radhi mwenyewe. Kisha nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako endapo mwenye duka ataendelea kumtangaza.

Kwa mtoto aliye na umri wa kushtakiwa, maofisa wa Tanzania hutumia maneno *mtoto anayekinzana na sheria*. Wapo wanaoona maneno hayo ni marefu na ya kiofisi. Sisi tunayaunga mkono, kwa sababu yanaeleza hali ambayo mtoto anaweza kutoka, wakati "mhalifu" likishapigiwa kelele uani litamfuata hadi shule.

Wezi au wevi? Huku kwetu tunasema pia "moyibi". (Msomaji, Lubumbashi)

Yote mawili, *wezi* na *wevi*, ni sahihi. *Wezi* limeenea zaidi sasa. Umoja ni *mwizi* na *mwivi*. Kitenzi ni *-iba*, na *b* ikikutana na *i* ya mtendaji hugeuka *v*, kama *-gomba* inavyotoa *mgomvi*. Kisha *wa-* na *i* zikigongana zinazaa *e*, ndiyo *wevi*. *Moyibi* ya Kilingala imeiacha *b* ilivyokuwa. Waganda wana *omubbi*, Wakikuyu wana *mũici*, na Wanyarwanda na Warundi wana *kwiba*. Hili halikuletwa na jahazi lolote. *Mhalifu* na *haramia* ni ya Kiarabu, *jambazi* ni la Kiajemi, lakini *-iba* ni ya Kibantu tangu mwanzo, na ndiyo maana msomaji wa Lubumbashi na wa Lamu wanaelewana kwalo bila mkalimani.